Vazi la Kwenda Nalo Kaskazini

Kishikio cha shaba kiligonga mbao ya droo, ti, kisha kikatulia. Misao alikikamata kwa vidole viwili, akakaa gizani akisikiliza kama kuna mtu ameamka. Ilikuwa imebaki kama saa nzima kabla ya jua kuchomoza juu ya jiji la Kobe, Japani, na nyuma ya mlango wa karatasi alilala mama mkwe wake, mwanamke wa miaka tisini. Au Misao alidhani amelala.

"Ukiivuta kwa kunyatia hivyo ndiyo inalia zaidi," ilisema sauti ya Bi Tsuya. "Vuta mara moja."

Misao alitabasamu peke yake. "Nisamehe, Mama. Nimekuamsha."

"Mtu wa miaka tisini haamshwi. Yuko macho, anawasubiri wenzake tu. Unatafuta nini?"

"Shali ya sufu. Asubuhi kuna baridi."

"Shali ziko droo ya juu. Uliyovuta ni ya chini."

Bi Tsuya hakuuliza tena. Ndivyo alivyokuwa miaka yote. Akikukuta na jambo unalolificha, hugeuza shingo upande wa pili ili akupe nafasi ya kulificha vizuri.

Ndani ya droo ya chini, katika karatasi lake jeupe, kulikuwa na kimono ya hariri ya rangi ya majivu yenye ubuluu kwa mbali. Chini kwenye pindo kulichorwa mawimbi na matawi ya msonobari. Katikati ya mabega, na nyuma ya kila mkono, palikuwa na nembo ndogo nyeupe ya jani la mmea utambaao ukutani, isiyozidi kitufe cha koti. Misao alipewa vazi hili na Bi Tsuya siku chache kabla ya kuolewa na mwanawe, Okubo Yasuo, miaka arobaini na moja iliyopita. Yasuo alikuwa amekufa sasa miaka saba. Hawakujaliwa mtoto. Tangu mazishi, vazi halikutoka kwenye karatasi.

Misao alizaliwa Akita, kaskazini mbali, na kwa kadiri alivyofundishwa kwao, mwanamke akiolewa huvaa nembo ya nyumba iliyomwoa. Kwa hiyo alijua tangu mwanzo lile jani lilikuwa na maana gani. Ilikuwa sare ya mkaza mwana wa nyumba ya Okubo. Ukiwa mle ndani, unaivaa. Ukitoka, unaiacha mlangoni.

Na leo, ifikapo jioni, alitakiwa aseme kama anatoka.

Isaka Norihiko alikuwa fundi wa piano, mgane wa miaka sitini na saba. Walikutana katika kituo cha wazee ambako Bi Tsuya hupelekwa Jumanne na Ijumaa kufanya mazoezi ya miguu. Isaka alikuja kurekebisha piano ya kituo, akamaliza, halafu wiki iliyofuata akarudi kusema kuna nota moja haimridhishi. Nota ile ilimchukua miezi minane. Mwisho wa majira ya baridi alimwambia Misao, huku akiangalia mikono yake mwenyewe, kwamba kuna meli ya matembezi itatoka Kobe katikati ya Aprili kwenda Hakodate na Otaru, huko kaskazini, na kwamba mwanawe na mkaza mwana wake watakuwamo.

"Kuna jioni moja ya kuvaa rasmi, ya karamu ya nahodha," alisema. "Jioni hiyo ningependa kukutambulisha kwao. Kama mtu ninayetarajia kumwoa. Ukikataa, twende tu tukaangalie bahari, nami sitasema neno zaidi."

Zilibaki siku kumi na mbili. Ofisi ya meli ilitaka majina ya meza za karamu kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo. Misao alilifunua karatasi, akaigusa ile nembo kwa ncha ya kidole, kama mtu anavyomgusa mtoto aliyelala kuona kama ana homa.

*

Saa mbili asubuhi mlango wa mbele ulisukumwa bila hodi.

"Wifi, upo?"

Alikuwa Kazuyo, dada wa marehemu Yasuo, mkubwa kwa Misao kwa miaka minne. Aliishi mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na kila mwaka wakati kama huu alileta bakuli la vidagaa alivyovipika kwa soya, sukari na tangawizi mpaka vikakauka na kukunjamana kama misumari yenye kutu.

"Mwaka huu vidagaa ni adimu, nimepika kiasi tu. Usimpe Mama vingi, vina sukari." Akavua viatu, akaingia, akasimama. Kimono ilikuwa imetundikwa kwenye mti wake wa kutundikia nguo, mikono imenyooshwa pande zote mbili, jani linaangalia chumbani. "Oh. Umeitoa kuipiga upepo?"

"Naangalia kama ina madoa, dada."

"Hariri hupigwa upepo vuli. Huu ni Aprili." Kazuyo alikaa mezani, akafungua bakuli. "Ni ile meli, sivyo? Ya yule fundi wako wa piano."

"Si fundi wangu."

"Basi wa nani? Kila Ijumaa anamshikia Mama mwamvuli mpaka garini, mvua inyeshe isinyeshe. Wazee wote wa kituo wanajua habari. Wasiojua ni wale wasiosikia, na hao wameandikiwa."

Misao alimimina chai. Alijua utani wa wifi yake. Ulikuwa kama ngazi, ngazi moja, ngazi ya pili, halafu unajikuta umefika mahali pa juu penye upepo mkali.

"Mimi sikukatazi kupanda meli," Kazuyo aliendelea. "Panda. Kula. Kaangalie theluji milimani. Yasuo hakuwahi kukutembeza, alikuwa ndugu yangu, nampenda, lakini alikuwa mtu wa kukaa. Ila kwenda kukaa mbele ya watoto wa mwanamume mwingine wakuite mama, na mgongoni umebeba nembo ya mama yangu? Hapana, wifi. Hiyo hapana."

"Sijasema nitaivaa."

"Umeitundika."

"Nilitaka kuitazama tu."

"Ile nembo haikuwa yako hata siku uliyopewa," Kazuyo alisema, na mara hii hapakuwa na utani ndani yake. Alikuwa akichagua vidagaa kwa ncha ya vijiti, anaweka vilivyovunjika upande wake na vizima upande wa mama yake, kwa kuwa Bi Tsuya hupenda vizima. "Na Mama je? Ukishaolewa kwake kule Suma, nani atamwogesha?"

"Mimi. Nitakuja kila siku."

"Kwa treni. Kila siku. Na mume nyumbani anasubiri chakula." Kazuyo aliweka vijiti chini. "Wewe una mikono mizuri, wifi, nakubali. Lakini si mirefu kiasi hicho."

Lililomuuma Misao ni kwamba kila neno alilosema Kazuyo, yeye mwenyewe alikwishajiambia tangu usiku.

Akainuka, akaishusha kimono kutoka kwenye mti, akaanza kuikunja.

*

Isaka alimsubiri kwenye mlango wa stesheni ya Motomachi, koti lake la kijivu limefungwa mpaka juu. Kitufe cha tatu kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Alimpa kipande cha karatasi kabla hata ya salamu kwisha.

"Nini hiki?"

"Baridi ya Hakodate. Nimeiandika kila siku wiki nzima. Mchana nyuzi tisa, nane, kumi. Usiku tano. Juu ya meli kuna upepo, kwa hiyo ondoa mbili tatu. Sitaki uchague nguo nzuri halafu utetemeke."

Mwandiko wake ulikuwa mdogo na ulionyooka. Misao aliukunja ule ukurasa mara mbili, akautia kwenye mkoba, na akashindwa kumtazama usoni.

Duka la nguo la Bi Hatanaka lilikuwa ndani ya njia yenye paa, kati ya muuza chai na muuza kofia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sindano kifuani, na hakuhitaji kuambiwa mambo mara mbili.

"Ya meli," alisema alipowaona. "Masika au kiangazi?"

"Mwezi huu. Kaskazini," alijibu Isaka.

"Basi mkono mrefu, kitambaa kizito, na kitu cha kutupia begani. Bwana una suti nyeusi?"

"Ninayo. Niliitumia nilipokuwa nikihudumia piano za matamasha."

"Ina umri gani?"

Isaka alifikiri. "Nilioa nayo."

Bi Hatanaka aliangalia mmoja, akaangalia mwingine, akavuta suti nyingine kutoka kwenye kamba. "Basi hiyo iache ipumzike," alisema kwa upole. "Imefanya kazi yake. Jaribu hii."

Isaka alipotoka nyuma ya pazia, tai ya kipepeo ilikuwa imelala upande kama ndege aliyechoka. Misao alinyoosha mkono akaiweka sawa bila kufikiri. Vidole vyake viligusa shingo ya Isaka. Wote wawili walisimama hivyo muda mfupi kuliko inavyochukua kuusimulia. Kisha Misao akaushusha mkono wake haraka, na Isaka akaangalia sakafu kama mtu aliyeangusha kitu.

"Sasa mama," alisema Bi Hatanaka.

"Gauni," Misao alisema. "La kizungu. Jeusi."

"Hata kimono hutaki kuiona? Umri wako na shingo hiyo, ingekukaa. Tazama, nina mshipi wa kimono uliofumwa maua ya micheri. Kwa hapa Kobe mmechelewa, maua yameshapukutika, kuvaa ua lililokwisha kuanguka ni aibu. Lakini mnakokwenda hayajachanua bado. Kwa hapa mmechelewa, kwa huko mmewahi."

Isaka aliupokea ule mshipi, akaugeuza mwangani. Macho yake yalikwenda kwa Misao na yakakaa hapo, nayo yalikuwa yanauliza.

"Gauni jeusi," alirudia Misao.

Lilimkaa vizuri. Lilikuwa na mkono mrefu, shingo iliyofungwa, kitambaa kizito kinachoanguka moja kwa moja mpaka miguuni. Kwenye kioo aliona mwanamke mwembamba wa miaka sitini na minne, na nyuma yake, mbali kidogo, mwanamume mwenye tai iliyonyooka akimtazama.

"Umependeza," alisema Isaka.

"Lakini?"

"Sikusema lakini."

"Uso umesema."

Isaka alisogea hatua moja. "Unafanana na mtu aliyekuja kutoa pole," alisema taratibu. "Uliniambia kuna nguo yako ya rangi ya majivu. Uliniambia wakati wa baridi, tukimsubiri Mama amalize mazoezi. Ulisema ndiyo nguo pekee uliyowahi kuvaa ukajiona mzuri. Nimekuwa nikiifikiria tangu siku hiyo."

Bi Hatanaka aligundua ghafla kwamba ana kazi chumba cha nyuma, akaenda huko na kuvuta pazia. Ni wachache wanaojua kuondoka kwa wakati.

"Ina nembo ya nyumba," Misao alisema kwenye kioo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema kwa mtu. "Mimi ni mkaza mwana wa nyumba ile. Nikikaa mezani na wewe nikiwa nimeivaa, nitakuwa nawadanganya watoto wako, na nawaibia wakwe zangu. Nikiiacha, nitakuwa nimemwacha na Mama. Ana miaka tisini. Alinipokea nikiwa sina mtu. Siwezi kumwambia sasa, ahsante, nimepata pengine pa kwenda."

"Kwa hiyo hilo gauni ni hapana."

"Nadhani hilo gauni ni hapana." Aligeuka kutoka kwenye kioo. "Nitakwenda na wewe tukaangalie bahari, ukipenda. Kwenye meza ya karamu, mwambie mwanao mimi ni rafiki wa kituo cha wazee."

Isaka alimngoja avue gauni na kuvaa nguo zake. Halafu alimchukulia koti lake, akalishika wazi ili aingize mikono, kama alivyokuwa akifanya kila Ijumaa.

"Usinijibu dukani," alisema nyuma ya bega lake. "Mtu asijibiwe jambo kama hili na gauni la watu. Nenda nyumbani. Kama ile nguo unaona si yako, mrudishie Mama kwa mkono wako, usikie anasemaje. Halafu unipigie simu. Hapana yako nitaipokea, Misao. Lakini nataka itoke kwako, isitoke kwenye woga."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tupu, bila Bi. Hata yeye alionekana kushtuka.

Hawakununua kitu. Bi Hatanaka aliwasindikiza mpaka mlangoni, akasema ule mshipi ataufungia pembeni kwa siku mbili, kwa kuwa wateja wa maua wamekwisha mwaka huu. Haikuwa kweli. Wateja walikuwapo.

*

Kazuyo alikuwa hajaondoka. Alikuwa amemkalisha Bi Tsuya karibu na dirisha, amemfunika miguu, na anamkata kucha. Misao aliingia, akawasalimu, akaenda moja kwa moja kwenye droo ya chini. Akarudi na karatasi jeupe mikononi, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaliweka chini, akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka.

"Mama, nimekuja kukurudishia hii."

Kazuyo aliacha kukata kucha.

"Ina shimo?" aliuliza Bi Tsuya.

"Haina, Mama."

"Haikutoshi?"

"Inanitosha. Bwana Isaka ameniomba niolewe naye. Nimemwambia hapana, au karibu hapana. Lakini hata kama ni hapana, moyo wangu ulikwisha kwenda, na mimi sijui kuvaa nembo ya nyumba huku moyo uko nje. Sare ya mkaza mwana ivaliwe na mkaza mwana. Naomba uipokee."

Bi Tsuya alimwangalia kwa muda mrefu. Masikio yake yalikuwa mazima, lakini alionekana kama mtu ambaye hakusikia.

"Sare ya nani?"

"Ya mkaza mwana. Nembo ya wake wa nyumba hii."

"Nembo ya nyumba hii iko kaburini, majani matatu ya mwaloni, unaisugua kwa brashi kila mwezi. Hili ni jani la nini?"

"Nilidhani wanaume wana lao, na sisi tulioolewa tuna letu."

Bi Tsuya akamgeukia binti yake. "Kazuyo. Hajui?"

Kazuyo aliangalia kikata kucha.

"Sikiliza, Misao," alisema mama mkwe, na akaanza kusema polepole kama anahesabu mishono. "Huku kwetu mwanamke havai nembo ya mume. Huvaa ya mama yake. Mimi nilipewa na mama yangu, yeye alipewa na mama yake, bibi yangu aliyekuwa akiuza karatasi Osaka. Haipiti kwa mwanamume. Haipiti kwa nyumba. Inatoka kwa mama inakwenda kwa binti, basi. Mkaza mwana haipati. Mkaza mwana huja na yake."

"Lakini mimi nilikuwa mkaza mwana."

"Ulikuja na sanduku moja na picha ya mama yako aliyekufa ukiwa na miaka kumi na tisa. Hukuwa na nguo yenye nembo, wala mtu wa kukupa. Fundi wa kimono alikaa hapo alipokaa Kazuyo, akaniuliza, nembo ya bibi harusi ni ipi? Nikamwambia, weka jani. Akasema, Bi Okubo, hilo ni la mabinti zako. Nikamwambia, ndiyo. Akasema, nilidhani una binti mmoja. Nikamwambia, alikuwa mmoja mpaka jana."

Misao hakuweza kuinua kichwa. Alikuwa anatazama mkeka, na mkeka ulikuwa unapoteza mistari yake.

"Miaka arobaini na moja," alisema, "hukuniambia."

"Nilidhani unajua. Nani asiyejua jambo kama hilo?"

"Watu wa Akita," alisema Misao, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Na wewe ulijua," Bi Tsuya alimwambia Kazuyo. "Ukamwacha adhani amevalishwa sare."

Kazuyo alikuwa mtu wa maneno mengi, na sasa ilimbidi ayatafute. "Nilikuwa nyuma ya mlango siku ile," alisema. "Nilikuja kusaidia harusi. Nikasikia yale ya fundi. Nikaenda bafuni nikafungulia maji ili nisisikike ninavyolia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina mtoto mgongoni, na nilimwonea wivu msichana mwenye sanduku moja." Akafuta kikata kucha kwa aproni yake, ingawa kilikuwa safi. "Leo asubuhi nilikuambia haikuwa yako. Ilikuwa yako. Nilitaka niwe mimi peke yangu, wifi. Ni hilo tu. Uzee huu wote na bado nilitaka hilo."

Misao alisogea kwa magoti, akamshika mkono. Mikono ya wote wawili ilikuwa na harufu ya tangawizi.

"Sasa ondoa hicho kitu mbele yangu," alisema Bi Tsuya, "kabla sijakanyaga hariri. Binti akiolewa haachi nembo mlangoni. Anakwenda nayo. Ukiniachia mimi, niipeleke wapi?"

"Mama, na wewe? Nani atakuogesha?"

"Nina binti mwingine. Miaka arobaini na moja anakuja hapa kuniambia shali zikae wapi na sukari iwe kiasi gani. Aje sasa aone zinakokaa."

"Mimi nina mgongo," alisema Kazuyo.

"Una mgongo na mabinti wawili. Na wale wa kituo wamekuwa wakiniuliza tangu mwaka juzi kama nataka msaidizi wa asubuhi. Nilikataa kwa sababu Misao hupasha taulo kwanza. Basi tutawafundisha kupasha taulo." Akanyamaza, akavuta pumzi. "Mvalishe. Nataka kuona."

Kazuyo alifunua karatasi. Alimvalisha wifi yake bila haraka, upande wa kushoto juu ya kulia, kwa kuwa kinyume chake huvikwa maiti tu, akahakikisha mara mbili, akavuta ukosi nyuma ili shingo ionekane, akazungusha mshipi, akakaza kwa goti kama walivyofundishwa wasichana wa zamani. "Umekonda," alinong'ona. "Kwenye meli ule vizuri. Na usisimame juu bila shali, upepo wa kule si wa mchezo." Alipofika mgongoni alisita. Misao alihisi kiganja kizima kimewekwa juu ya lile jani, kikakaa, kisha kikaondoka.

Bi Tsuya alimtazama kuanzia pindo mpaka nywele. Hakusifu. Aliitikia kwa kichwa mara moja tu, kama mtu aliyemaliza kusoma barua ndefu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na nusu. Misao alienda kwenye simu akiwa vilevile, mikono ya hariri imekunjwa isiguse kitu.

"Bwana Isaka. Ni mimi. Ofisi ya meli wamekwisha kufunga?"

"Bado nusu saa."

"Basi andika jina langu karibu na lako."

Misao alisikia karatasi ikifunuliwa.

"Nimeliandika tangu jana," alisema Isaka, "kwa penseli. Sasa nitapitisha wino."

"Nitavaa ile ya majivu. Nimeambiwa ni yangu."

"Nani amekuambia?"

Misao aligeuka kuangalia dirishani. "Mama yangu," alijibu.

Aliporudi, Kazuyo alikuwa ameingia jikoni na kelele za masufuria zilikuwa nyingi kuliko kazi yenyewe. Misao alipiga magoti kwa uangalifu mbele ya Bi Tsuya. Walitazamana. Mikono ya mkongwe ilikuwa baridi, naye Misao aliichukua akaifunika kwa yake.

"Nitakosa kukusikia asubuhi, Mama," alisema.

"Na mimi nitakosa. Hilo lisikuzuie." Bi Tsuya alifikiri kidogo. "Unajua, mabinti wa wenzangu huolewa, halafu huja kuwatembelea mama zao. Wanaleta keki, wanakaa mpaka jua linazama, mama anawasindikiza mpaka mlangoni. Wewe tumekaa pamoja miaka yote hii, hujawahi hata siku moja kunitembelea."

"Nitakuja."

"Uje mchana, niwe nimechana nywele. Ukae sana. Na ukiondoka, Misao, uje tena."